Mistari ya Kwasa: Hatua, Si Umri

Mfasiri aandikaye kwamba wanafalaki husoma “umri” wa kwasa katika mwanga wake huwa amepotoka mapema. Kinachokadiriwa ni hatua ya makuzi, na tofauti hiyo si ya maneno matupu.

Kwasa ni kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa mno humeza gesi. Gesi hiyo, kabla ya kumezwa, hupata joto ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Mwanga wake ukitawanywa kwa rangi, hujitokeza mistari ing'aayo, kila mmoja na elementi yake. Ni kwa mistari ya haidrojeni, iliyosogea kuelekea wekundu kwa takriban asilimia 16, ambapo Maarten Schmidt alibaini mwaka 1963 kwamba 3C 273, iliyofanana na nyota, iko mbali ajabu.

Upana wa mistari ya haidrojeni hudokeza kasi ya gesi inayolizunguka shimo, na kwa kasi hiyo uzito wa shimo hukadiriwa. Mwaka 1992 Todd Boroson na Richard Green walichunguza kwasa 87, wakaona kwamba aghalabu mistari ya chuma ikiwa na nguvu, ile ya oksijeni hufifia. Wataalamu wengi huueleza uhusiano huo kwa kasi ya ulaji: shimo jepesi linalolishwa kwa wingi huelekea kuonyesha chuma zaidi na haidrojeni yenye mistari myembamba; lililo zito na lenye njaa huonyesha kinyume. Ndipo baadhi yao wakaona humo safari ya kutoka ujana hadi uzee.

Safari hiyo lakini haina saa wala kalenda. Sahani ya gesi ikitazamwa kutoka juu, mistari huonekana myembamba kuliko ikitazamwa ubavuni, ingawa kwasa ni ile ile. Isitoshe, shimo kongwe likipata gesi mpya, mathalani galaksi mbili zinapogongana, laweza kurejea ulaji wa ujanani.

Kiswahili hakikosi njia ya kuyasema haya. Mkulima wa pwani hahesabu miezi ya tunda la mnazi. Husema kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hizo ni hatua, zinazosomwa kwa dalili. Kwa hivyo wanaounda istilahi na waliache neno “umri”, washike “hatua”, tena kwa tahadhari, maana nazi hairudi kuwa dafu, ilhali kwasa huenda ikarudi.