Chokaa Ikiingia Jichoni

Juma hili nataka kusema na wasomaji juu ya ajali ambayo mafundi wa nyumba waijua sana, nayo ni ya chokaa kuruka na kumwingia mtu jichoni. Huko pwani chokaa imechomwa tangu zamani kutokana na matumbawe, na kila azimaye chokaa ameiona ikichemka na kurusha matone mara imwagiwapo maji. Tone moja laweza kumpofusha mtu.

Watu wengi huogopa maji ya betri kuliko chokaa, kwa kuwa asidi ina sifa mbaya. Asidi iingiapo jichoni huigandisha nyama ya juu, kama ute wa yai ugandavyo katika kikaango, na huko kuganda huizuia kidogo isipenye ndani. (Nisemapo kidogo nina maana ya kidogo, asidi nayo hupofusha.) Chokaa haigandishi, bali huyeyusha. Fundi wa sabuni ajua ya kuwa kostiki ikichanganywa na mafuta hugeuka sabuni. Basi chokaa, saruji mbichi na kostiki hufanya kazi ile ile katika mafuta yaliyomo katika nyama ya jicho, zikazidi kupenya. Kwa dakika chache tu madhara huweza kufika mahali ambapo daktari hawezi kuyaondoa tena.

Kwa hiyo aliyeingiwa na chokaa asikimbizwe hospitali kwanza. Akimbizwe penye maji. Mara nyingi wenzake, kwa nia njema kabisa, humfunga kitambaa, wakatafuta gari, wakasafiri saa nzima, na muda wote huo chokaa yaendelea na kazi yake chini ya kitambaa.

Maji ya kunywa yafaa sana, yawe ya mfereji au ya mtungi. Msingojee kuyachemsha. Mlazeni kwa ubavu, jicho lililoumia likiwa chini, ili maji machafu yasitiririkie jicho zima. Jicho litajifumba kwa nguvu, hivyo mtu mmoja hana budi kulifumbua kwa vidole, na mwingine amimine kwa birika bila kukoma, dakika 15 kwa uchache, na kwa chokaa yafaa 30 au zaidi. Atalia na kusukuma mikono yenu, msimwachie. Chembe za chokaa hujificha chini ya kope ya juu, na maadamu zimo, jicho laendelea kuungua. Mwambieni azungushe jicho huku na huku, na chembe inayoonekana iondolewe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa.

Wako waogopao maji kwa sababu chokaa huchemka nayo. Maji machache ndiyo huichemsha. Maji mengi huichukua pamoja na moto wake. Tena, msitie siki wala ndimu ili kuiua chokaa, wala magadi ili kuiua asidi. Vitu hivi vikikutana hutoa joto, na jicho huungua mara ya pili.

Utomvu wa mnyaa, tuupandao kuwa ua, waosheka vivyo hivyo. Huu una hila yake: pengine mtu huona uchungu mdogo tu wakati akatapo matawi, kisha usiku maumivu yakazidi asipate usingizi.

Baada ya kuosha, ndipo aende hospitali, hata kama maumivu yamepoa. Jicho likionekana jeupe pasipo wekundu wowote, msifurahi, kwa maana huenda mishipa ya damu imeungua, na hiyo ni dalili mbaya kuliko wekundu. Chukueni pia kopo au chupa ya kitu kilichomwingia, ili daktari akione kwa macho yake, na mmwambie mmeosha kwa muda gani. Yeye ataweza kupindua kope na kutazama kama zimebaki chembe, na pengine ataanza kuosha upya.