Waliosaini Wanajulikana

Nimechoshwa na hoja kwamba Tanzania ina wenyewe huko Ulaya, wanaoiendesha kwa mkataba wa siri ambao hakuna aliyewahi kuushika. Mjadala wa mwaka 2023 kuhusu mkataba wa bandari na kampuni ya DP World uliipa nguvu mpya, na maandiko mengi tuliyoletewa kwa toleo hili yanairudia. Wanaonufaika nayo ni walewale inaodai kuwaumbua.

Tazameni Delta ya Rufiji. Miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company, ya mwekezaji kutoka Ireland, ilitaka eneo la mikoko ichimbe mabwawa ya kufugia kamba, hekta zipatazo 10,000. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilishauri mradi ukataliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Aliyeomba alijulikana, aliyekataza alijulikana, na walioidhinisha walikuwa mawaziri wetu wenyewe. Mwanasheria Tundu Lissu, akiwa LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira, aliuchambua uamuzi huo hatua kwa hatua. Kwa kuwa wahusika walikuwa na majina na vyeo, wanavijiji wa delta walikuwa na wa kumshitaki, wakaenda mahakamani. Mabwawa hayakuchimbwa. Mzimu haupelekewi samansi.

Hata shauri la kampuni ya Sweden ya EcoEnergy, lililofanya ndege yetu izuiwe Uholanzi mwaka 2022, halikuzaliwa gizani. Kampuni hiyo, iliyorithi miradi ya SEKAB, kampuni nyingine ya Sweden, waliowahi kuitaka ardhi ya Rufiji kwa miwa, ilitumia mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Sweden zilisaini mwaka 1999. Kubanwa na wageni kupo, nami nakupinga kwa nguvu zangu zote. Lakini kuna vifungu, kuna tarehe, na kuna Mtanzania aliyeweka saini.

Katika toleo hili, makala ya mauaji ya Kibiti ya 2015 hadi 2017 inaonyesha jinsi uvumi unavyoshamiri pale serikali inaponyamaza, isomeni taratibu. Ya Bwawa la Nyerere ni fupi na ina ramani nzuri. Mwandishi wa tatu anaamini nchi imeuzwa zamani. Nimempa nafasi, sikumpa hoja.

Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika uziduaji inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi itangazwe. Mikataba ya ardhi na mikoko haimo. Wasomaji wa Kibiti na Rufiji, mbunge akija kijijini mwulizeni lini mikataba hiyo nayo itawekwa wazi, na msikubali ajibu kwa kuwataja mabeberu.