Usimbanie gesi kirikuu: faida ya shilingi mia inakula valvu

Najua utaniuliza, bwana shamba wa Ukonga, gari linahusiana nini na mchicha? Linahusiana sana. Tunahangaika miezi na mbegu, chanjo na mbolea, halafu mzigo unaharibikia barabarani. Kwangu mimi, kirikuu ni sehemu ya shamba kama pampu ya maji.

Januari iliyopita nilimbebea mama mmoja wa Chanika kuku wa nyama 180 kwenda Kisutu. Gari langu ni la zamani, la kabureta, nililolifunga mfumo wa gesi. Kwenye kupandisha, kabla hatujafika Pugu Kajiungeni, likaanza kumisi, likapiga risasi mbili kwenye mfuniko wa filta ya hewa, likazima. Jua la saa tano, hakuna kivuli. Mpaka tunapata gari lingine, kuku 31 walikuwa wamekufa kwenye matenga. Mama hakunigombeza. Alikaa pembeni akiwahesabu, na hilo liliniuma kuliko kama angefoka.

Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu mbili za kutolea moshi zilikuwa zimeungua ukingoni.

Chanzo chake ndicho kinachonifanya niandike. Kama miezi miwili nyuma nililalamika kwa fundi kwamba gari linakunywa gesi. Akachukua bisibisi, akakaza ile skrubu ya kwenye mpira wa gesi, akasikiliza muungurumo, akasema “tayari, bosi”. Kweli matumizi yalipungua na mimi nikafurahi. Wala hakuna aliyefungua filta ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi la barabara za Majohe, na kwenye mfumo huu wa zamani filta ikiziba injini hukosa hewa na kuvuta gesi nyingi zaidi. Yaani ugonjwa ulikuwa filta, dawa ikawekwa kwenye skrubu. Wiki iliyofuata mimi mwenyewe, kwa bidii zangu, nikaipuliza filta ikawa safi. Hewa ikarudi yote, gesi ikabaki imebanwa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nachoma valvu bila kujua.

Gesi yetu hii, inayotoka Songo Songo kule Kilwa na kuja Dar tangu 2004, kwa sehemu kubwa ni metheni. Kilo moja ya metheni inahitaji karibu kilo 17 za hewa ili iungue vizuri, wakati petroli inahitaji karibu 14.7. Gesi ikiwa pungufu, moto unaungua taratibu, unachelewa, na joto linaishia kwenye valvu ya kutolea moshi. Tena gesi inaingia ikiwa kavu, haipoozi kama petroli inavyofanya inapogeuka mvuke. Injini ya mwaka arobaini na saba haivumilii hayo ukiwa na mzigo kilimani.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na hii tabia ya kupanga gesi kwa sikio gari likiwa limesimama kwenye sailensa. Sailensa haikuambii chochote kuhusu kilima cha Pugu. Jamani, kilo moja ya gesi inafanya kazi karibu sawa na lita moja na nusu ya petroli. Nafuu tayari unayo! Kubana tena ili upate shilingi mia juu yake ni ulafi, na mimi nilikuwa mlafi.

Sasa hivi simruhusu mtu aguse skrubu kabla ya kuangalia filta, plagi na uwazi wa valvu. Plagi za gesi zinataka mwanya mdogo kidogo kuliko wa petroli, kwa sababu cheche ina kazi ngumu zaidi. Na gari lazima liende vizuri kwa petroli kwanza, maana likimisi kwa petroli, gesi haitaliponya. Baada ya hapo injini ipate moto sawasawa, fundi akanyage mafuta hadi mzunguko wa kati, afungue skrubu polepole mpaka injini ianze kuzama, airudishe mpaka izame upande wa pili, aiache katikati, akiegemea kidogo upande wa gesi nyingi. Kisha mkalijaribu likiwa na mzigo. Ukikanyaga likapiga risasi kwenye filta, gesi ni pungufu, rudini. Ukiweza kupata karakana yenye kipimo cha moshi, lipia hicho kipimo. Huwa nawaambia vijana wanaofunga mifumo: mteja mwenye gari la kabureta asiondoke bila kupimwa, hata kama ana haraka.

Upande wa gesi nyingi nao usizidishe. Petroli ikizidi utaona moshi mweusi, lakini gesi ikizidi mara nyingi huoni kitu, huku bomba likitoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Nimeona watu wanaegesha gari linaunguruma mlangoni kwa banda la vifaranga wakipakua chakula. Zima gari.

Wapo watakaosema dawa ni kununua gari jipya lenye mfumo wa kisasa unaojipanga wenyewe. Sawa, ukiwa na hela. Wengi wetu Kitunda, Kivule na Chanika tutaendelea na hivi hivi vya kabureta, na vinafaa vikitunzwa.

Yule mama nimemlipa kuku 20 mpaka sasa. Wamebaki 11, nitampelekea mzunguko huu wa Machi, na safari hii uwazi wa valvu unapimwa Jumamosi kabla ya kupakia.