Milia ya mahindi haina mchawi

Safu hii ni ya afya. Huenda mtauliza: mtu wa zahanati ana shughuli gani na mahindi? Shughuli yake ni kubwa. Ghala likiwa tupu, mtoto hupungua uzito. Mtoto aliyepungua uzito huugua upesi na hupona polepole. Njaa ambayo mkulima huiona kwanza shambani, sisi huiona baadaye kwenye mizani ya kliniki. Tena kuna jambo la pili. Ugonjwa wa mahindi usipoeleweka huleta ugomvi kijijini, na ugomvi huleta majeraha.

Ugonjwa ninaousema ni milia. Nendeni shambani mkatazame mche mchanga. Kwanza jani jipya hutoa madoa madogo meupe. Kisha huonekana mistari myeupe au ya manjano, iliyokatika-katika, inayofuata urefu wa jani. Majani ya zamani ya chini hubaki ya kijani. Mche ukishikwa ungali mdogo hudumaa. Huzaa muhindi mdogo, au hauzai kabisa. Lakini mche ukishikwa ukiwa umekwisha kukua, hasara yake ni ndogo. Likumbukeni neno hili.

Milia huletwa na nini? Huletwa na virusi. Virusi hivyo huchukuliwa na mdudu mdogo anayeruka-ruka majanini. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Mnajua kwamba mbu humwuma mgonjwa wa malaria, kisha akamwambukiza mtu mzima. Mdudu huyu hufanya vivyo hivyo. Hufyonza maji ya jani lenye ugonjwa, kisha huruka na kufyonza jani zima. Akiisha kubeba virusi, anaweza kuambukiza maisha yake yote.

Habari hii si mpya. Mwaka 1901 mtaalamu Claude Fuller aliueleza ugonjwa huu huko Natal, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mwingine, H. H. Storey, alithibitisha kwamba mdudu ndiye mchukuzi. Baadaye Storey alifanya kazi papa hapa nchini, katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Mahindi yalitoka Amerika, lakini milia ni ya Afrika. Virusi vyake huishi katika nyasi zetu za porini. Kwa hiyo hata pasipo na mahindi, ugonjwa unangojea nyasini.

Sasa tuje kwenye swali linaloleta ugomvi. Watu husema: "Kama ni mdudu tu, kwa nini shamba langu limeugua na la jirani yangu limepona?" Jibu liko katika siku ya kupanda. Wadudu hawa huzaana nyasini na katika mahindi ya kwanza. Huongezeka kadiri msimu unavyoendelea. Aliyepanda mapema, mahindi yake huwa yamekua wadudu wanapokuwa wengi. Aliyechelewa, miche yake michanga huwakuta wadudu wamejaa.

Na nani huchelewa kupanda? Mara nyingi ni yule asiye na ng'ombe wa kulimia. Anangoja mwenye plau amalize shamba lake, halafu ndipo aazime. Ni mjane, ni mzee, ni kijana anayeanza maisha. Mwenzake hakumroga. Alimtangulia kwa wiki tatu tu.

Ndugu zangu, katika Kanda hii ya Ziwa wazee wetu, hasa akina mama, wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu. Nasema kama mtu wa zahanati: mama aliyepika miaka arobaini kwa mabua ya pamba na samadi kavu atakuwa na macho mekundu. Ule ni moshi. Haufiki shambani kwako. Mbuzi unayempeleka kwa mpiga ramli angekununulia mbegu.

Tufanye nini basi? Mche ulioshikwa na milia hauna dawa. Hapa kinga ndiyo kila kitu.

Kwanza, pandeni mapema, mvua za kupandia zinapoanza. Wenye mashamba yanayopakana wapande pamoja.

Pili, tumieni mbegu inayovumilia milia. Tanzania ilianza kutoa mbegu za namna hiyo zamani. Staha na TMV-1 zilitolewa miaka ya 1980. Mwulizeni afisa ugani ni mbegu gani inayofaa hapa kwetu leo. Nunueni mfuko wenye lebo ya TOSCI.

Tatu, palilieni nyasi ndani ya shamba na pembezoni. Msipande mahindi mapya kando ya mahindi ya zamani yenye milia. Miche michache ikiugua mapema, ing'oeni.

Nne, msitegemee mahindi peke yake. Mihogo, viazi, choroko na dengu haziugui milia. Nyumba yenye michembe ghalani haitalala njaa kwa sababu ya mdudu mmoja.

Msikimbilie dawa ya pamba. Haiponyeshi mche uliokwisha kuugua. Tena sumu iliyowekwa katika chupa ya soda ndani ya nyumba ni hatari kubwa kwa watoto.

Je, mahindi yenye milia yana sumu? Hapana. Virusi hivi havimpati binadamu. Yakizaa, leni. Mahindi ya kuogopa ni yale yenye ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu ya ukungu. Kausheni vizuri, na yaliyoota ukungu msile.

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakaamua la kufanya. Kwa maoni yangu, hapa Kalemela tunaweza kukaa hivyo tena bila kungoja kampeni. Kabla ya mvua kuanza, mkutano wa kijiji umwite afisa ugani. Ukubaliane wiki ya kupanda. Kisha uandike majina ya wasio na ng'ombe, na useme ni nani atakayewalimia, na siku gani. Mwenye plau asidhani anatoa sadaka tu. Shamba lililochelewa kando ya lake litawalea wadudu watakaokula hata la kwake.