Anayelala Garini Naye Ni Mgeni

Kila yanapozungumzwa mambo ya utalii, maofisini na vijiweni, utakuta imani moja imeota mizizi: mgeni wa maana ni yule anayeshuka kwenye ndege ndogo, akalala kwenye kambi ya bei mbaya, kisha akaondoka kwa ndege. Anayekuja kwa barabara, kitanda chake kikiwa ndani ya gari au kwenye hema lililofungwa juu ya paa la Land Cruiser, huonekana mbahili anayetimua vumbi na kupita bila kuacha kitu. Imani hii ina baraka za maandishi, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Utalii ya 1999 iliegemea upande wa wageni wachache wanaolipa fedha nyingi. Huenda Serengeti na Ngorongoro, ambako magari yanasongamana, hoja hiyo ina uzito. Kwa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi haina, na kuing'ang'ania kunaugharimu mji. Mgeni anayelala garini ndiye anayeufaa zaidi mji kama Mpanda, na kitakachomfanya azime injini na kukaa siku mbili tatu ni muziki unaopigwa laivu.

Tuanze na huyo mgeni wa ndege tunayemsifia. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na baada ya kuongezewa eneo ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Ni pori la watu wachache na wanyama wengi: makundi ya nyati katika mbuga za Chada, tembo, simba, na viboko ambao kiangazi kikikaza hubanana kwa mamia katika tope linalobaki la Mto Katuma. Mgeni wa ndege hutua Ikuu, ndani ya hifadhi. Safari yake imeshalipiwa kwa wakala aliye mbali, na mara nyingi hata mboga atakazokula zimeagizwa kutoka miji mikubwa. Kambi inaajiri watu kadhaa, nao wanahitaji kazi hiyo. Ada ya hifadhi inakwenda serikalini, na hilo ni jema kwa uhifadhi. Lakini mgeni huyo anarudi kwao akiijua Katavi bila kuijua Mpanda, mji ulio mwendo wa chini ya saa moja kutoka lango la Sitalike. Mama lishe wa Makanyagio hakumwona. Bodaboda hakumbeba. Kwao, ni kana kwamba hakufika.

Mpanda ina sababu ya kuuelewa uchumi wa namna hiyo kuliko miji mingi. Reli ya kutoka Kaliua, tawi la reli ya kati, ilifikishwa hapa karibu na mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Mji ulikua haraka, mabehewa yakabeba mzigo kwenda bandarini, na miaka kumi hivi baadaye mgodi ukafungwa. Reli ilibaki, na abiria wanaitumia hadi leo, lakini utajiri ulioijenga ulikwishaondoka kupitia reli hiyohiyo. Funzo lake ni wazi: kilicho kikubwa machoni pa takwimu za taifa kinaweza kupita mikononi mwa wenyeji bila kutulia. Kwa hiyo tunapompima mgeni tusitazame alicholipa peke yake. Tuulize pia alimlipa nani, na fedha ile iligusa mikono mingapi kabla haijatoka nje ya mkoa.

Kwa kipimo hicho, mtazame msafiri wa garini. Kwa kawaida anatokea Tunduma, anapita Sumbawanga, anakatiza hifadhini kwa barabara kuu na kutokea Sitalike. Kutoka Mpanda atashika njia ya kaskazini kwenda Uvinza na Kigoma, au ya mashariki kwenda Tabora kupitia Koga, barabara ya zaidi ya kilomita 300 ambayo siku hizi ni ya lami. Kitanda ndicho kitu pekee asichonunua. Anajaza dizeli. Anatafuta fundi wa kuziba tairi na wa kukaza springi zilizolegezwa na makorongo. Anaingia sokoni kununua mchele, nyanya, mkaa, migebuka kutoka Ziwa Tanganyika na chupa ya asali ya Mlele. Ananunua bando na maji, na anampa dobi nguo zilizojaa vumbi. Kila moja ya fedha hizo inaingia kwa mtu wa Mpanda, taslimu, siku hiyohiyo. Anayesema msafiri huyu haachi kitu amehesabu kitanda na kusahau soko zima. Tena, kwa kuwa hafungwi na ratiba ya ndege wala chumba alichokwisha kukilipia, yeye peke yake ndiye mgeni tunayeweza kumshawishi abaki. Mgeni wa ndege hawezi kuongeza siku moja kwa sababu ameupenda mji. Wa garini anaweza.

Mbona basi habaki? Kwa sababu mchana una shughuli na jioni haina. Akishanunua anachohitaji, hana linalomzuia kuondoka saa nane mchana ili jua likizama awe amefika mbele. Hapa ndipo muziki unapoingia, na wanaodhani bendi ni mambo ya Dar es Salaam wanaisahau historia ya miji yetu ya bara. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Miji hiyo haikusubiri kuwa majiji ndipo ipige muziki. Muziki ndio uliotangaza majina yake hadi mipakani na kuvuka. Wala Katavi haianzi na mikono mitupu. Wasukuma waliohamia Mpimbwe na kwingineko na ng'ombe wao wametoka katika utamaduni wa mashindano ya Bagika na Bagalu yanayofanyika baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na dawa zake, mbwembwe zake na nyoka wake, na linaloshinda ni lile lililovuta watazamaji wengi zaidi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Katumba na Mishamo kuna jamii za waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania, na ambao hawakuziacha nyimbo zao njiani. Na kila Jumapili makanisani vijana wanapiga gitaa la besi na kinanda. Wapigaji tunao, na kinachokosekana ni jukwaa linalojulikana siku yake na saa yake.

Wa kwanza kupinga atasema wasafiri hao ni wachache, tena ni wa kiangazi tu. Ni kweli, na ndiyo maana jukwaa hilo lisijengwe kwa ajili yao. Lijengwe kwa ajili ya mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa mpunga na mkulima wa tumbaku aliyekwishalipwa. Mgeni atakuja kukaa kiti cha pembeni. Onyesho linalopangwa kwa ajili ya mgeni peke yake huwa la kuigiza, na mgeni huligundua mapema. Usiku ambao wenyeji wenyewe wanautamani ndio unaomvuta. Zaidi ya hayo, kuna mgeni tunayemsahau kabisa: Mtanzania mwenzetu wa Mbeya, Tabora au Kigoma mwenye gari na familia, ambaye kiingilio cha hifadhi kwake ni shilingi elfu chache tu. Akijua kwamba Jumamosi kuna bendi Mpanda na Jumapili asubuhi kuna viboko Sitalike, safari imekamilika.

Wa pili atasema spika na flashi iliyojaa nyimbo vinatosha, kwa nini kulipa watu sita. Jibu ni kwamba flashi hiyo ipo pia Sumbawanga, Kasulu na Nzega, na hakuna atakayewasha gari kuifuata. Fedha ya DJ mmoja humfikia DJ mmoja. Fedha ya bendi hugawanywa kwa mpiga gitaa, mpiga ngoma, mwimbaji na fundi mitambo, na kila mmoja ana nyumba inayomngoja. Wa tatu ataleta kelele na maadili. Hoja hiyo haipaswi kubezwa: mwaka 2023 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa nchini kwa kelele, na waliolalamika walikuwa na haki ya kulala. Lakini kilichowakosesha usingizi kwa kawaida ni maspika makubwa yanayounguruma hadi alfajiri. Bendi ni watu wenye mapafu na vidole. Inachoka, inapumzika, na inaweza kuanza saa kumi na mbili jioni ikamaliza saa nne, watoto wakiwapo na nyama choma ikiwa tayari. Utaratibu wa saa ni jambo la kuandika kwenye kibali.

Wapo watakaokubali, kisha wakashauri tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka. Jinja nchini Uganda imepata jina kwa tamasha la muziki la Nyege Nyege tangu 2015, na watu wanalala kwenye mahema kando ya Mto Nile. Ni mfano unaothibitisha kwamba mtu hufunga safari na kulala hemani kwa ajili ya muziki. Lakini tamasha huning'inia kwenye mfuko wa mfadhili: hata Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004 na kujulikana duniani, ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Mji mdogo unahitaji kitu kisichovunjika kwa barua moja ya mfadhili. Jumamosi ya kila wiki, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, ni bora kuliko siku tatu za kelele na miezi kumi na miwili ya kungoja. Katika miezi hiyo ndipo mazao yanauzwa, barabara zimekauka, wanyama wamekusanyika Katuma na ngoma za mavuno zinachezwa. Kalenda imekwishapangwa na mvua. Kazi yetu ni kuifuata.

Yanayotakiwa hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Manispaa itenge uwanja wenye uzio, mlinzi, bomba, choo safi na bafu, ambamo magari yatalala kwa ada ndogo, karibu kiasi cha mtu kutembea kwa miguu hadi kwenye muziki. Hilo litajibu pia hofu ya usalama, kwa sababu gari lililoegeshwa penye mlinzi na taa lina amani kuliko lililojificha kichakani. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lipunguze tozo ya magari yenye namba za nje, ambayo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya magari yenye namba za Tanzania, na inayowafanya wengine waishie kukatiza hifadhi kwa barabara kuu. Ofisi ya utamaduni itoe kibali cha msimu mzima badala ya kumsumbua mwenye bendi kila wiki. Tusikae tukingoja kuonekana na wakubwa. Filamu ya Royal Tour ya 2022 iliitangaza nchi, na mradi wa utalii wa REGROW ulilenga hifadhi nne za kusini, Katavi ikiwa haimo. Magharibi ikisubiri zamu yake itasubiri sana, na magari yanayopita leo kuelekea Kigoma hayatangoji zamu hiyo ifike. Yasimamishwe sasa, kwa wimbo unaopigwa na watu wa hapa kwa ajili ya watu wa hapa, na anayelala garini apokewe kama mgeni mwingine yeyote.