Getini "Mbwa Mkali", Mlimani "Haumi"

Kuna neno moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku kwenye njia zote za milima ya Uluguru, kuanzia Morningside kule juu ya mji wa Morogoro, hadi huku Mzumbe na kule Mgeta. Neno lenyewe ni fupi tu: "haumi".

Mnalijua. Ni Jumamosi asubuhi, kundi la vijana kutoka mjini linapanda mlima. Viatu vipya, maji ya chupa, simu ziko tayari kwa picha. Mbele yao anakimbia mbwa, hana kamba. Kwenye kona anatokea mama wa makamo na mzigo wa kuni kichwani, anateremka. Mbwa anamkimbilia, anamnusa miguu, anamrukia. Mama anaganda. Na mwenye mbwa, ambaye yuko mita thelathini nyuma, anapaza sauti huku anacheka: "Usiogope mama, haumi!"

Jamani. Nani kamuuliza?

Mimi sina ugomvi na mbwa. Nawapenda. Wala sina ugomvi na vijana wanaopanda milima; afadhali hao kuliko sisi tunaoshinda tumekaa tukibishana mpira. Na nafurahi kuona Mtanzania anatembea na mbwa wake badala ya kumfungia bandani mwaka mzima. Ugomvi wangu ni na hilo neno, na tabia iliyojificha nyuma yake.

Hebu tulichambue.

Huyu bwana anayesema "haumi", ukienda nyumbani kwake, iwe Dar au hapa Morogoro, getini utakuta kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: HATARI, MBWA MKALI. Mbwa ni yule yule. Mchana anafungiwa bandani asizoee watu, usiku anafunguliwa ili mgeni asisogee. Kafundishwa hivyo tangu mtoto: mtu usiyemjua ni adui. Halafu Jumamosi anapakiwa kwenye gari, anashushwa mlimani kwenye njia iliyojaa watu asiowajua, na sisi tunaambiwa haumi. Sasa tuamini lipi, la getini au la mlimani?

La pili. Katika mila zetu, neno la kwanza kijana analomwambia mtu mzima njiani ni "shikamoo". Ndiyo ada, na Uluguru ada hiyo bado ina nguvu. Lakini mwenye mbwa hana muda wa shikamoo. Neno lake la kwanza kwa mama aliyemzidi miaka thelathini ni "haumi", na la pili ni kicheko. Mama anasalimiwa na mbwa kabla ya kusalimiwa na mwenye mbwa!

La tatu, na ndilo kubwa. "Haumi" linamhamishia mama kazi ambayo si yake. Ghafla yeye ndiye mwenye tatizo: mshamba, mwoga, hajui mbwa. Yeye ndiye anayetakiwa kutulia, asipige kelele, asikimbie, asiokote jiwe. Wewe uliyemleta mnyama kwenye njia ya watu huna la kufanya isipokuwa kutoa maelezo ukiwa mbali. Hapana. Aliyeleta mbwa ndiye mwenye mzigo. Anayeogopa hadaiwi maelezo.

Na tuelewane kuhusu hiyo njia. Kwako wewe ni mahali pa mazoezi. Kwa watu wa Uluguru ni barabara. Ndiko zinakopita kabichi, karoti na njegere kuteremka sokoni, ndiko anakopita mtoto kwenda shule, mgonjwa kwenda zahanati. Ni nyembamba, upande mmoja ukingo na upande mwingine bonde, na mvua ikinyesha udongo wake unateleza kama sabuni. Mtu mwenye mzigo kichwani akishtuka hapo haumwi na mbwa, anaanguka. Anaweza kuvunjika nyonga, kiuno au mguu. Na jioni wewe utakuwa umesharudi mjini unasimulia kwamba mbwa wako hajawahi kumuuma mtu. Ni kweli, hajamuuma.

Sasa tuje kwenye kuuma kwenyewe, maana mbwa wote wana meno. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huo, wakati vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi vilikuwa kama 11 tu kwa mwaka. Makadirio ya baadaye yako chini ya hapo, lakini bado yanahesabiwa kwa mamia. Dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu wote wanaokufa kwa kichaa hiki duniani waliambukizwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo mama wa Mgeta anapomwogopa mbwa asiyemjua, huo si ushamba. Hiyo ni akili. Yeye hajui kama mbwa wako amechanjwa, hana njia ya kujua, na akiumwa itabidi ashuke mlima kutafuta sindano. Na si sindano moja, ni kadhaa, kwa siku tofauti. Nauli ya kila safari ni yake. Siku za shamba zinazopotea ni zake. Wewe una gari na una bima. Mnaogopa kwa viwango tofauti kwa sababu mnahatarisha vitu tofauti.

Halafu kuna suala ambalo vijana wa mjini hupenda kulicheka: dini. Waislamu wako wengi Uluguru, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa nguo au chombo, kuosha kwake ni mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mzee anaelekea msikitini kwa kanzu yake safi, mbwa wako kamlamba mkono na kumpaka mate kwenye kanzu. Kwako ni upendo. Kwake ni kurudi nyumbani, kuosha na kuchelewa swala. Huhitaji kuwa Mwislamu kulielewa hilo. Unahitaji adabu tu.

Na mbuzi je? Ukiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga ukapita Mlali kupanda Mgeta, unaingia nchi ya mbuzi wa maziwa. Mbuzi wenye asili ya Norway waliletwa huko miaka ya 1980 mwishoni kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, na kwa familia nyingi mbuzi ndiye maziwa ya mtoto na ndiye ada ya shule. Mbwa wa mjini akimwona mbuzi anakimbia, anaona mchezo. Mbuzi mwenye mimba akifukuzwa anaweza kuharibu mimba hata kama hakuguswa jino. Hapo "haumi" linasaidia nini?

Najua majibu yenu. Nimeshayasikia.

Jibu la kwanza: "Ulaya mbwa wanaachiwa huru, sisi tu ndio washamba." Uongo. Uingereza, taifa linalosifika kwa kupenda mbwa, ina sheria tangu mwaka 1953 inayomtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo mashambani. Marekani, kwenye hifadhi za taifa ambako mbwa wanaruhusiwa, kamba haitakiwi kuzidi futi 6, yaani chini ya mita 2, na kuna njia nyingi ambako mbwa hakanyagi kabisa. Hao mnaowaiga kwa viatu na mabegi ya mgongoni, waigeni na kwa kamba.

Jibu la pili: "Mbona wanakijiji nao wana mbwa, na hawajafungwa?" Kweli wanao. Lakini mbwa wa kijijini ana mwenyewe anayejulikana. Akiuma, watu wanajua mlango wa kugonga. Wa kwako ni mgeni wa saa nne, anaondoka na gari lenye vioo vyeusi. Tena hoja hii inakugeukia mwenyewe: kama huko juu kuna mbwa ambao hawajachanjwa, ndiyo sababu zaidi ya kumshika wa kwako asipigane nao akarudi na ugonjwa mjini.

Jibu la tatu: "Mlima ni wa wote." Taratibu hapo. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana kukataa mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, na damu ilimwagika. Walikuwa wanakataa kufanyiwa uamuzi na watu wa kuja juu ya mlima wanaouishi wao. Wewe si mkoloni, sisemi hivyo. Nasema mlima una wenyewe, na mgeni hodari ni yule anayejua kuwa ni mgeni.

Jibu la nne: "Mbwa wangu anakwenda msituni, huko hakuna mtu." Huko ndiko kubaya zaidi. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na una ndege ambao hawaishi kwingine popote duniani isipokuwa Uluguru. Mbwa anayekimbia huru vichakani hafuati njia, anafuata harufu. Tena hahitaji kuuma ili kuua. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wake, na wanasayansi walielekeza kidole kwa mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi. Simba, jamani! Kama simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa mbwa, wanyama wadogo wa msitu wetu tuwaombee nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Morogoro. Huu ndio mji wenye chuo cha madaktari wa mifugo, pale SUA. Huu ndio mji ambao panya buku wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini, hadi mmoja wao, Magawa, akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Na mnajua wanavyofundishwa? Wanavalishwa mkanda kifuani na kufungwa kwenye kamba, wanatembea mstari kwa mstari. Yaani panya wa Morogoro anakubali kamba, jibwa la kilo 40 lenye jina la Kizungu linaonewa likifungwa!

Basi, ili nisiambiwe nalalamika bila kupendekeza, haya hapa ya kwangu:

1. Kamba, muda wote, tangu unaposhuka kwenye gari. Fupi, na mkononi mwako, si mkononi mwa mtoto.

2. Ukiona mtu anakuja, wewe ndiye unayetoka njiani. Mvute mbwa karibu, simama kati yake na mpita njia, kisha salimia. Mwenye mzigo hapishi mtu.

3. Chanjo ya kichaa kila mwaka, na kadi yake iwe kwenye begi. Ukiulizwa kama amechanjwa, onyesha kadi, usiape.

4. Mbwa asiingie kijito ambacho watu wanachota maji, na kinyesi chake kirudi mjini kwenye mfuko. Kina minyoo, na chini yako kuna mtu anakunywa.

5. Karibu na mbuzi, kuku au watoto, usimwachie hata kwa picha moja. Mnyama wa mtu akidhurika, usitupe noti na kuondoka. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, lipa bei halali mbele ya mashahidi.

6. Akimuuma mtu, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 bila kupunguza. Kisha mpeleke hospitali mwenyewe, kwa gari lako na kwa pesa yako, siku hiyo hiyo. Na sindano zinazofuata ni juu yako hadi ya mwisho.

7. Msitu wa hifadhi, mbwa abaki nyumbani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bunge. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tunayo, na ni nzuri, lakini hakuna sheria itakayosimama kwenye kila kona ya Uluguru kumsubiri kijana mwenye mbwa. Hapo anahitajika kijana mwenyewe. Tumesoma, tumetembea, tunajiita wastaarabu. Ustaarabu wenyewe unapimwa mahali kama pale, ambapo anayekuogopa hana nguvu ya kukufanya lolote.

Na kama baada ya yote haya bado unaamini kwamba mbwa wako haumi, sawa. Rudi nyumbani ukafute kwanza yale maandishi ya getini, halafu ndipo utuambie.