Reli Iliwatoa Watu wa Kasigau Kwao, Leo Inawapita Tu

Tangu Madaraka Express ianze 2017, wasee wa Taita Taveta wanaambiwa Voi imeomoka. Stesheni iko, na ni kali. Lakini kama unatoka Kasigau, hesabu inakataa.

Cheki hii. Inter-county, ile inasimama njiani, hutoka Nairobi saa mbili asubuhi, na nyingine Mombasa saa hiyo hiyo. Moja kila upande kwa siku. Ukitaka kuenda Mombasa, unaidaka Voi mchana, unafika maofisi zikikaribia kufungwa. Kurudi nayo ni kesho asubuhi. Utalala wapi, na kwa doo ya nani? Ndio maana watu wanapanda tu mathree.

Nairobi, msee wa Syokimau ana treni ya kuenda job tangu 2012. Voi nayo ina SGR, reli ya zamani, na ile ya Taveta iliyoanza kujengwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Shida si chuma, ni ratiba.

Na inauma zaidi ukijua historia. Mwaka wa 1915, Wajerumani wakivamia reli, Waingereza walishuku watu wa Kasigau wanawasaidia. Wakawahamisha hadi Malindi, na kurudi nyumbani ikangoja miaka ya 1930.

Zaidi ya karne moja baadaye, deni linaweza kuanza kulipwa na kitu kidogo: treni ya asubuhi Voi hadi Mombasa, na ya kurudi jioni. 2027 wanasiasa wakikuja kuomba kura, waulizeni hiyo kwanza.